Mbeleko ya Nyemo

Wenzangu mliozaliwa kabla garimoshi halijafika Dodoma, nawasalimu kwa Kigogo chetu, mbukwenyi. Tumebaki wachache, na hata hao wachache meno yametuaga, lakini masikio bado tunayo, basi sogeeni tukumbushane. Wajukuu wakitusikia watasema bibi ameanza tena. Waacheni waseme, siku moja na wao watakuwa na la kuanza.

Enzi zetu, enzi za Mdachi, mtoto hakuwa na kitu cha dukani hata kimoja, na wala hakujua kama amekosa. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo, tukawatia pembe za miiba, tukawajengea zizi na kugombana nani ana ng'ombe wengi. Tulicheza mdako kwa vijiwe mpaka vidole vikachubuka. Tulimumunya ubuyu tuliokatazwa, na mama akiuliza ni nani aliyeingiza mkono kwenye kibuyu, kila mmoja anaapa si yeye huku midomo imekuwa myeupe pee. Chakula kilikuwa ugali wa uwele kwa mlenda, na maziwa ya mgando mwaka ukiwa mzuri. Mtama ukikaukia juu ya paa bapa la tembe, nyumba yetu ya udongo, sisi ndio tuliotumwa kupanda kufukuza ndege. Leo nikimwambia kijana kwamba tulikuwa tunatembea juu ya nyumba, ananitazama kana kwamba homa imenipanda. Na yeye huyo kifungo kikidondoka shati ndilo limekwisha, analitupa.

Lakini nikifumba macho, kinachonijia kwanza ni mlio wa ushanga unapomiminwa kwenye ungo. Mama yangu alikuwa fundi wa ushanga, na simsifu kwa sababu ni mama yangu, waliomjua wanajua. Alichukua ngozi ya ndama, akaipaka samli, akaisugua kwa viganja mpaka ikalegea, na hapo hapo, kabla mafuta hayajakauka, akaanza kuitia ushanga. Mweupe, mwekundu, mweusi, mstari baada ya mstari. Ngozi ikishakauka sindano haipiti tena, kwa hiyo ushanga ulikuwa kazi ya kwanza, kukunja na kuunga kulifuata baadaye. Sisi watoto tulikaa pembeni tukingoja ushanga wa kuanguka. Uliouokota ulikuwa wako, na ukibisha mtapigana.

Kazi yake kubwa ilikuwa mbeleko. Nyumbani kwetu mtoto hakutolewa nje ya tembe mpaka awe na mbeleko iliyotoka upande wa mama yake, ya ngozi, yenye ushanga, na Bibi lazima aishike kwanza kwa mikono yake na kuitemea mate ya baraka. Bibi huyu alikuwa mama mzaa baba, mwembamba, mkali, mwenye sauti ya kufika mashambani. Bila mkono wake hakuna mtoto anayeliona jua. Hawa wajukuu zetu wanaowafunika watoto kwa taulo na kupanda nao basi wakiwa wachanga hivyo, Bibi angewafuata njiani na fimbo.

Sasa, dada yangu mkubwa, Nyemo, aliolewa mbali kidogo, upande wa Bahi. Mtoto wake wa kwanza aliugua akafa kabla hajajua kukaa, na alizikwa na mbeleko yake, ile ambayo mama alikuwa ameitengeneza kwa furaha yote. Nakumbuka Nyemo alivyorudi kututembelea baada ya hapo. Alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika mbavu, akawa mtu wa kutazama chini. Mimba ya pili ilipokaribia, mumewe akamleta ajifungulie kwetu, na ikakubaliwa kwamba mavuno yakianza, mama mkwe wake atakuja kumchukua yeye na mtoto. Atakuja kumchukua mtoto aliyebebwa, mnanielewa? Kumtoa mtoto wa kwenu mikononi kama mzigo wa kuni ilikuwa aibu ya ukoo mzima, na kwa Nyemo ilikuwa zaidi ya aibu. Alishaamini kwamba ana mkosi.

Na ngozi hatukuwa nayo. Sotoka ilikuwa imepita kwenye mazizi, ng'ombe wakalala chini wote, na ngozi zao tulikatazwa hata kuzigusa. Mbuzi waliosalia walikwenda na kodi ya Mdachi. Baba alizunguka kwa jamaa akiomba ngozi ya ndama, hata ya kondoo, akarudi na pole tu. Kila mtu alikuwa na hali ile ile. Mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye nywele nyingi, na akakaa ndani na mama yake wiki baada ya wiki wakisubiri.

Ubavuni mwa tembe letu alikuwa amepanga Fundi Saidi, Mrangi wa Kondoa, rafiki wa baba. Alikuja kwa ajili ya watu wa reli, akawashonea kanzu na nguo za wake zao kwa cherehani ya mkono. Wenzangu, mnaikumbuka cherehani ya kwanza mliyoiona? Mimi nilidhani kuna mdudu ndani anayetafuna. Fundi Saidi aliweza kuizungusha nguo chini ya sindano kwa namna ambayo uzi ulitembea wenyewe, ukachora mapindo, majani na duara, ile darizi ya shingoni mwa kanzu. Wanawake walikuwa wanaacha mitungi njiani kuja kumtazama.

Ni mama aliyepata wazo. Alikusanya vipande chini ya cherehani, kaniki nyeusi, merikani nyeupe, na kile kitambaa chekundu kilichoitwa bendera, akavipanga kwenye mkeka mpaka vikatimia upana wa mbeleko. Akasema tabaka la juu litakuwa viraka hivi, la katikati shuka kuukuu ili mtoto akae laini, la chini merikani nzima, na vyote vitashonwa pamoja viwe kitu kimoja kizito kama ngozi. Mikanda ataisuka kwa nyuzi za gome la mbuyu, zile tunazosukia kamba, zilizopondwa mpaka zikawa laini. Fundi atatia darizi yake katikati, na yeye atatia ushanga wake.

Bibi alikataa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Alisema nguo ya dukani haijawahi kunyonyesha wala kulala zizini, itajuaje kubeba mtoto, na kwamba mkono wake hautagusa viraka. Mama akajibu kwa adabu kwamba ataendelea, akimaliza Bibi atazame tena. Bibi akageuza kiti akatupa mgongo.

Kazi ikaanza. Fundi Saidi alitia darizi kwenye kile kipande chekundu. Mama alimwomba ng'ombe mwenye pembe ndefu, fundi akasema yeye hachori kiumbe chenye roho, akatia mapindo ya kanzu. Basi Bibi kupita pale, akatupia jicho, akauliza huyu mtoto anapelekwa Bahi au anapelekwa msikitini. Fundi mwenyewe alicheka. Alimheshimu sana Bibi, kila asubuhi shikamoo, na Bibi akimjibu kwa Kigogo kirefu ambacho fundi alidai anakielewa chote.

Mama akavichukua vile viraka ndani, akakaa navyo siku kadhaa. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba. Alikuwa ameshatia ushanga wote, pembezoni na kati ya viraka, kuizunguka darizi, kazi safi ya kukufanya usimeze mate. Kilichobaki ni kuweka matabaka matatu pamoja na kuyapitisha kwenye cherehani. Mmeona alivyofanya? Alifanya kama anavyofanya kwenye ngozi. Ushanga kwanza. Wala fundi hakuwaza kumwonya, kwa sababu kwake ushanga na cherehani havikuwahi kukutana.

Nilikuwepo. Fundi alipanga matabaka, akapiga bandi kwa mkono ili yasihame, akayatia chini ya sindano, akaanza kuzungusha. Ilikwenda vizuri kidogo, halafu ikalia ka. Ushanga mmoja ulikuwa umejificha kwenye mkunjo. Sindano ilikatika katikati, na ilikuwa ndiyo pekee aliyobaki nayo. Nyingine zilikuwa zinatoka pwani kwa garimoshi, na ujumbe wake alishautuma tangu kiangazi bila jibu.

Mama alikaa chini pale pale vumbini. Alianza kusema ataokota kuni za kuuza, atalima shamba la fundi, sijui nini na nini, akashindwa kumaliza. Mtu aliyekuwa amepoteza riziki yake ni fundi, lakini aliyekuwa analia ni mama. Fundi Saidi aliokota kile kipande cha sindano, akakifunga kwenye pindo la kikoi, akasema taratibu, "Mama Nyemo, sindano itakuja. Mtoto ameshakuja." Kisha akafunika cherehani kwa kitambaa akaenda kuswali.

Keshokutwa yake wakaonekana wajumbe. Mama mkwe wa Nyemo yuko njiani, amelala kwa ndugu zake, kesho jioni atafika.

Mama akayachukua yale matabaka yaliyoshikwa na bandi tu, nusu mshono nusu hakuna, akayapeleka ndani kwa Nyemo, akamwambia ukweli kwamba imeshindikana, sindano yake ya ushanga haipenyi matabaka matatu, na kwamba wataazima ya ngozi kwa jirani, hata kama si ya upande wetu. Bibi naye alikuwa ndani, amekaa na mtoto. Akasema afadhali ya kuazima, ngozi ni ngozi.

Nyemo alikuwa ameshika ile nguo magotini, anapapasa ushanga. Kwa muda mrefu alikuwa haongei zaidi ya ndiyo na hapana. Akasema, bila kumtazama mtu, "Bibi, ile ya ngozi niliizika na mwanangu. Kila nikiiona ngozi namwona yeye. Hii siiogopi."

Nilidhani Bibi atafoka. Alimtazama tu Nyemo, akamtazama yule mtoto aliyekuwa anamtafuna kidole kwa fizi. Sote tulikuwa tumehangaikia ngozi, tumeililia ngozi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenye mtoto.

Bibi akampa Nyemo mtoto. Akaagiza aletewe shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na nyuzi za mbuyu zilizosalia kwenye mikanda. Akazichana nyuzi kwa meno mpaka zikawa nyembamba, akazipaka samli ya zamani iliyosalia kibuyuni ili zipite vizuri, akaanza. Alishona matabaka yote matatu kwa mkono, akipenyeza shazia katikati ya ushanga kwa vidole tu, maana macho yake yalikuwa yameshafifia. Shazia haikugusa hata punje moja. Darizi ya fundi akaizungushia mshono wake mara mbili, akinung'unika kwamba haya makanzu yanafumuka haraka. Mama akakaa upande wa pili akaanza kushona kukutana naye. Walikuwa hawajakaa pamoja kwenye kazi moja tangu ugomvi wa nguo uanze, na sasa walikuwa wanapokezana uzi na kubishana kuhusu nani kavuta sana. Walipomaliza Bibi akachukua samli, akaipaka mbeleko nzima, merikani na bendera na kila kitu, mpaka ikanuka zizi. Mama akapiga kelele kwamba anaharibu rangi. Bibi akamwambia mtoto hanusi rangi.

Kisha akaishika kwa mikono miwili, akaitemea mate ya baraka, akamfunga Nyemo mtoto mgongoni mwenyewe.

Mama mkwe alifika jua likiwa bado lipo, na wanawake wenzake nyuma. Nyemo alitoka mlangoni na mtoto mgongoni. Mama mkwe akasogea, akaishika ile mbeleko, akapitisha vidole kwenye ushanga, kwenye darizi, kwenye mshono mnene wa mbuyu, akainusa. Akauliza taratibu, "Hii ni ngozi ya nini?"

Bibi akajibu kabla mtu hajafungua mdomo. "Ni ngozi ya mwaka huu."

Mama mkwe akacheka, vigelegele vikapanda, na kwenye vigelegele vile nikasikia sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Nyemo anacheka, ameshika mbavu, mtoto anarukaruka mgongoni. Nilimkimbilia nikamkumbatia miguu na nikalia kama mjinga kwa furaha. Fundi Saidi alikuwa amesimama mbali kidogo kwa adabu, anajifanya anatazama mawingu. Sindano zake zilikuja na garimoshi baada ya mavuno, na tangu hapo wanawake wa kwetu walikuwa wanampelekea viraka kwanza, ushanga wanautia wenyewe baadaye nyumbani.

Siku hizi wajukuu zangu wana cherehani za kukanyaga kwa mguu, na sindano dukani kwa pakiti. Uzi wa kila rangi, ushanga wa kila namna, na wanashona vitu vizuri, siwezi kuwanyima haki yao. Ila mtu anashona peke yake, mlango umefungwa, redio inaimba. Enzi zetu hakukuwa na sindano, kulikuwa na watu wa kukugombeza ukiwa umeinama kwenye kazi, na huo ugomvi nautamani mpaka leo. Lakini juzi nilimwona mmoja wao amemvuta mwenzake waketi kwenye mkeka mmoja, wanabishana kuhusu rangi. Nikajifanya nimesinzia nisiwakatishe.

Mnaniuliza ile mbeleko iko wapi, mnataka kuiona. Haipo. Ilimbeba yule binti, ikabeba wadogo zake wote, ikarudi kwetu ikabeba wa kwangu, ikatiwa viraka juu ya viraka mpaka darizi ikafutika na hakuna aliyekumbuka kipande kipi kilikuwa cha kwanza. Haikuzikwa na mtoto yeyote. Iliisha kwa kubeba.