Package ilikuwa kwenye orodha, CD ya pili ilikuwa shambani Likoni

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Juzi mwenzetu mmoja alilalamika hapa jukwaani kuwa Linux yake inamwambia package haipatikani, na nyote mkamrukia mkimwambia a-update orodha. Sawa. Nyinyi mna internet mfukoni. Mimi niwaeleze jinsi package kukosekana kulivyoninyima kazi, na wallahi sitaongeza chumvi, maana yenyewe ina uchungu wa kutosha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini.

Mnijue kwanza. Nimezaliwa Ziwa la Ng'ombe, baba hakuniachia hata baiskeli. Nimebeba magunia ya chai kwenye maghala ya Changamwe miaka mitatu hadi nikajilipia nauli na karo, nikaenda India, nikarudi na diploma ya kompyuta. Sikusaidiwa na mbunge wala mjomba. Wakati ule mtaani kwetu mtu akisema "kompyuta" watu walidhani ni televisheni.

Nilirudi na seti ya Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, CD mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Toleo tulilofundishiwa chuoni nalo lilikuwa na CD mbili: ya kwanza ina package zote, yaani programu zenyewe tayari kuwekwa, ya pili ina source code tu, yaani maandishi ya programu ambayo mtu wa kawaida hayahitaji kabisa. Seti yangu ilikuwa ya toleo jipya. Sikuisoma karatasi iliyokuja nayo. Mwenye diploma asome karatasi ya nini?

Sasa, mnajua kwetu mtu akirudi kutoka ng'ambo. Hafungui sanduku peke yake. Nyumba ilijaa. Bangili zikaisha, vitambaa vikaisha, hata sabuni za hotelini zikaisha. Kisha akaingia Shangazi Mwanamisi, dada yake baba, ametoka Likoni na kikapu cha mihogo kichwani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba babangu. Haya, na mimi nimeletewa nini?"

Watu wote wakanitazama. Nikatia mkono kwenye mkoba, nikatoa ile CD ya pili.

"Hii shangazi, huko ni kitu cha wasomi. Ndani yake mna vitabu elfu."

Akaigeuza, akajiona uso, akapiga kigelegele. Ikapita mkono hadi mkono nyumba nzima. Mimi nikajiona mjanja sana.

Mwezi mmoja baadaye nikapata kazi ya majaribio kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, ipo Changamwe, njia ya Airport. Mwenye ofisi alikuwa Bwana Athmani, mtu wa maneno machache. Mawakala wake wa Dubai walikuwa wameanza kuacha fax na kutaka e-mail. Akataka kila karani awe na sanduku lake la barua kwenye server moja, kompyuta kuu ya ofisi.

Akaniambia Jumatatu asubuhi: "Ijumaa baada ya swala nitaandika barua kutoka meza hii. Ikifika kwenye kompyuta ya karani wangu Mwanaisha, kazi ni yako. Kila kitu unacho?"

"Kila kitu kimo kwenye mkoba wangu, Bwana."

Mkumbuke, kazi yenyewe ilikuwa ya kudumu. Mkuu wa kompyuta, meza yangu, simu yangu. Bombolulu nilikuwa napanga chumba kimoja na nilikwisha kumwambia mwenye nyumba anitafutie viwili.

Nikaweka Linux kwa CD ya kwanza. Ikaingia vizuri. Nikafungua orodha ya package, nikaitafuta programu ya barua tuliyofundishwa chuoni, ile kubwa, inayosifiwa na wajuzi. Nikaiona. Jina lipo, maelezo yapo. Nikaichagua, ikavuta nyingine kumi na moja inazozitegemea. Nikabonyeza Enter nikiwa nimekunja mikono kifuani, maana makarani walikuwa wananitazama.

Kioo kikaandika: ingiza CD ya pili.

Wakuu, mikono nikaikunjua, nikasoma mstari ule mara tatu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Orodha ya toleo lile ilikuwa inataja package za CD zote mbili. Kuiona package kwenye orodha si kuwa nayo. Na CD yangu ya pili haikuwa source code, ilikuwa na package.

Programu yenyewe ilikuwa kwenye CD ya kwanza, zile kumi na moja ndizo zilizokuwa kwenye ya pili; Jumanne nikailazimisha iingie bila hizo. Ikaingia, ikakataa kuwaka, ikidai library, vile vipande inavyoviazima, kimoja baada ya kingine. Kudownload haikuwezekana, kwa modem yetu na laini zile za simu, ungeanza leo ukamaliza sikukuu.

Palikuwa na fundi mmoja pale, Mutiso, Mkamba, aliyekuja kutengeneza printer na taipureta. Hana cheti chochote. Alikuwa anapenda kunitania.

"Engineer, mashine imekukatalia?"

"Ni modem," nikamwambia.

"Modem? Lakini waya wa modem umeuchomoa, uko hapa chini."

Makarani wakacheka. Mwanaisha akasema, "Muache Bwana Diploma afanye kazi, Mutiso." Nikamjibu Mutiso arudi kwenye ribbon zake za taipureta, aachane na mambo ya waliosoma.

Jumatano nikaomba ruhusa, nikavuka feri.

Shangazi nilimkuta bondeni, kwenye mpunga. Na CD yangu nikaiona kabla sijamwona yeye. Ilikuwa imening'inia kwenye kijiti katikati ya shamba, imefungwa uzi, inazunguka na upepo, inamulika jua huku na huku.

Nikamwamkia, nikauliza habari za magoti yake, habari za mbuzi, habari za kila mtu. Mwisho nikasema, "Shangazi, ile zawadi... naihitaji kidogo."

"Waitaka?" Akacheka mpaka akaketi kwenye tuta. "Ulisema ina vitabu elfu. Mimi kusoma sijui, lakini ndege wameisoma, wamekimbia wote! Msimu huu sikushinda hapa kuamia ndege hata siku moja."

Akaifungua, akaipangusa kwa leso yake yenye mchanga, kru kru, mbele ya macho yangu. Mistari tele. Na hapo nikasema neno ambalo mpaka leo nalijutia.

"Nyinyi watu wa shamba hamjui thamani ya kitu."

Kicheko kikakatika. Akainuka polepole.

"Hukuniambia ni ya kazi yako. Ungeniambia, ingelala kabatini na sahani zangu za arusi." Akanipa kwa mikono miwili. "Chukua. Na usinipe tena kitu."

Alhamisi ile CD ilizunguka kwenye drive kama mashine ya kusaga. Package tisa zikasomeka. Mbili zikagoma. Niliiosha kwa maji, nikaipaka dawa ya meno, nikabadili drive. Mbili zilezile.

Ijumaa Bwana Athmani akarudi kutoka msikitini, akaketi, akaandika barua yake mstari mmoja, akabonyeza. Sote tukageukia kompyuta ya Mwanaisha. Tukangoja, haikufika. Nikasema CD imeharibiwa na shangazi yangu, ameitundika shambani kutishia ndege.

"Kitu cha kazi ya ofisi yangu kilikuwa shambani?"

"Bwana, nilimpa zawadi."

"Na Jumatatu uliniambia unacho."

Hakunigombeza. Alisema tu, "Allah akufungulie kwingine," na kwa adabu ile ya kwetu nikajua mlango umefungwa.

Nilidhani uchungu umeishia hapo. Wiki mbili baadaye nikakutana na Mwanaisha pale Changamwe, akaniambia barua zinafanya kazi. Nani amezitengeneza? Mutiso. Amepata wapi CD ya pili? Hakuitafuta. Alifungua orodha, akaandika neno "mail", akapita moja moja, akakuta programu ndogo ya barua iliyokuwa kwenye CD ya kwanza. Akaiweka kabla chai haijapoa.

CD ya kwanza, wakuu. Ile niliyoisahau ndani ya drive yao.

Sikuhitaji kuvuka feri. Sikuhitaji kumnyang'anya mwanamke mtu mzima zawadi yake na mpunga wake ukaliwa na ndege. Nilihitaji kusoma orodha mpaka mwisho, lakini nilitaka ile kubwa ya chuoni ili waone nimesoma.

Shangazi nilimwomba radhi, akasema yameisha. Lakini kila nilipompelekea kitu aliniambia niweke pale mezani. Mkononi mwangu hakupokea tena mpaka alipofariki.

Mimi nilisimama tena kwa nguvu zangu. Leo nina ofisi yangu Kisauni na server zangu haziniulizi CD. Lakini meza ile ya Changamwe ilikuwa yangu, na aliikalia fundi wa ribbon, kwa haki yake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo ukiambiwa package haipo, kabla hujailaani mashine, jiulize kama unaihitaji hiyo hasa, au unataka kuonekana. Na kama huna kitu, sema huna.

Aliyewahi kukwama namna hii aseme, na wanaotaka kunicheka wacheke, nimezoea. Mutiso, kama umo humu kwa jina la bandia, kazi umeipata kihalali, sibishani. CD nirudishie.