Umechechemea, Mzee

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mnivumilie nikipinda njia. Gitaa nilijifunzia kwaya ya kigango, hapa Mpanda, kwa kuparua tu na kidole gumba. Basi binti yetu akanitumia kwenye simu video ya Mhispania anapiga flamenko. Mkono wa kulia unakimbia kama cherehani. Nikasema na mimi nitaweza, uzee huu huu.

Namna yenyewe ni hii: kidole cha shahada na cha kati vinapokezana, na kila kimoja kikishapiga waya kinatua kwenye waya wa juu yake. Kurudia kidole kile kile ni kosa, na mimi nilikosa kila nilipohama waya. Nikafuga kucha za mkono wa kulia. Mke wangu akawaambia majirani sasa amepata mke mwenza. Lakini karanga alimenya yeye, nisije nikavunja kucha. Palizi pia alishika yeye. Hilo naliona aibu mpaka leo.

Nikifanya mazoezi, yeye alikuwa akipeta mchele uani, amenipa mgongo. Gitaa hakuwahi hata kulishika. Ila nikirudia kidole tu, anasema, "Mzee, umechechemea." Hakosei. Naanza upya. Nilichotaka ni kitu kimoja: nipige mpaka mwisho, yeye anyamaze.

Akaugua. Tumbo, walisema. Hospitali tulienda, tukarudishwa nyumbani. Kila asubuhi nilikaa pembeni ya kitanda nikapiga. Siku moja nilichechemea mara mbili, wazi kabisa, hata mbuzi angesikia. Nikangoja aseme. Akafumbua macho.

"Leo hujachechemea, mzee."

Nikamshukuru. Nikaenda uani nikashika ungo wake, sijui wa nini. Ama hakunisikia tena, ama alisikia akanionea huruma. Mpaka sasa sijui lipi linauma zaidi.

Alikufa wiki hiyo. Kwenye ukoo wetu, siku ya kuondoa msiba mfiwa ananyolewa na kukatwa kucha. Shemeji, mdogo wake marehemu, alipofika mkono wa kulia akasita, akauliza kama hizi aziache, maana dada yake alizitunza.

"Kata zote," nikasema.

Sasa napiga kwa nyama ya vidole, sauti imefifia. Juzi nilifika mwisho bila kurudia kidole, nadhani. Sina hakika. Masikio yalikuwa uani.