Landrova ya Nyuma ya Jiko

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika nyumbani kwetu Vudee Jumamosi moja asubuhi, nami nilikuwa nimepanda kutoka Same kumsalimia Mama. Alikuja na lori dogo na vijana wawili. Aliegesha kwenye njia ya kuingilia uani, akanisalimu, kisha akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya jiko.

"Gari lenyewe ndilo lile?"

Ndilo lilikuwa. Landrova ya marehemu baba ilikaa pale tangu giaboksi yake ilipokufa, na baba naye akafariki miaka michache baadaye. Matairi yalikuwa yamezama udongoni. Turubai lilishaoza likabaki matambara, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha abiria. Bodi yake ni ya bati lisiloshika kutu, kwa hiyo ukiitazama kwa mbali ungedhani ni gari lililochoka tu. Ukiinama ukachungulia chini, ndipo unaona chuma kilivyoliwa, chekundu, kikibanduka magamba kama gome la mkaratusi.

"Nani amekwambia linauzwa?" nikamuuliza.

"Bibi alinipigia simu."

Mama akatoka jikoni anajifuta mikono kwenye kanga. "Ni mimi niliyempigia," akasema. "Pale nataka niweke tanki la maji ya mvua. Paa la jiko linamwaga maji mengi bure."

Nilimwomba yule mnunuzi aturuhusu tuzungumze kwanza. Hakukasirika. Alisema kazi yake ameizoea, nyumba nyingi humwita na kumrudisha, na kwamba tukikubaliana tumpigie. Lori likarudi nyuma hadi barabarani, likashuka.

Sikujua nianzie wapi na Mama. Baba alikuwa dereva kwenye shamba la mkonge huko tambarare, na shamba lilipouza magari yake yaliyochakaa, yeye alinunua hilo moja akalipandisha mlimani. Nikiwa mdogo, siku za gulio tulishuka nalo Same, magunia ya maharage na watu wamepakiwa pamoja nyuma, mimi mbele, kati ya Baba na yeyote mwenye mtoto mchanga au mgonjwa. Nakumbuka harufu ya petroli na magunia mabichi. Nakumbuka mkono wa Baba ukibadilisha gia na mishipa yake ikitokeza. Mtu akiugua usiku, walikuja kugonga kwetu. Maharusi walibebwa na gari hilo, na jeneza la babu yangu pia. Sasa liuzwe likakatwe vipande?

"Mama, hili gari ni maisha yetu," nilimwambia tulipokaa jikoni.

Alikuwa akichambua maharage ya makande, hakuinua uso. "Maisha yako wewe. Wewe unalikumbuka kwa sababu ulikuwa unakaa mbele."

"Na wewe ulikuwa unakaa wapi?"

Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. "Nyuma, nimesimama. Mimi ndiye nilikuwa utingo wa baba yako. Mvua ikinyesha barabara ikawa sabuni, nani alikuwa anaruka chini kuweka jiwe nyuma ya tairi? Nani alisukuma? Nilisukuma na mimba yako tumboni. Siku moja nikamwambia, nifundishe na mimi. Akasema, nikikufundisha wewe, jiwe ataweka nani?"

Alisema hayo bila uchungu mwingi, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Katika picha zote nilizokuwa nazo kichwani za lile gari, Mama hakuwamo, na kumbe alikuwamo katika zote.

Hata hivyo sikukubali liuzwe hivi hivi. Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko Same mjini, si mbali na gereji ya fundi mmoja ninayemshonea ovaroli. Wazazi wake walitoka Tabora kuja kukata mkonge, naye amekulia huku tambarare. Nilimwomba apande Vudee aniangalizie, nami nikaapa kwamba nitafuata atakavyosema.

Alikuja siku ya jua kali. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uangalie hii maiti."

Alitandika gunia, akaingia uvunguni na bisibisi. Tukawa tunasikia akigonga, ngo, ngo, ngo, kisha mlio ukabadilika, ukawa kama wa kutoboa mkate mkavu. Alipotoka alikuwa na vumbi jekundu usoni kote.

"Injini inazunguka, nimeshangaa," akasema. "Giaboksi inatafutika. Tatizo ni chasisi. Imeoza, bisibisi inapita upande hadi upande, na hiyo ndiyo inayobeba kila kitu. Hapa hakuna cha kuchomelea, utakuwa unachomelea hewa. Ningekuwa mimi, ningeuza."

Nilimpigia kaka yangu aliyeko Dar es Salaam. Tuko wawili tu. "Mdogo wangu," akasema, "mimi nilishaliaga hilo gari siku nyingi. Uzeni, Mama apate tanki lake." Nikawa nimebaki peke yangu, na nilikuwa nimeapa kumfuata fundi. Nikampigia mnunuzi wa vyuma.

Siku aliyokuja, majirani walijitokeza kusaidia kusukuma. Walikuja na wake zao, kwa kuwa habari ilishaenea kwamba landrova inaondoka, na wengi wao waliwahi kuipanda. Vijana wa mnunuzi walifukua matairi, wakajaribu kuyajaza upepo. Mawili yalikubali. Mawili wakayabadilisha kwa mengine yaliyochakaa waliyokuja nayo. Mimi niliwahamisha kuku, nikatoa mayai kwenye kiti.

Ilibidi gari lizungushwe kona ya jiko, kisha lifuate uwanja hadi lilipo lori. Mnunuzi akauliza, "Nani anashika usukani?"

Wanaume wakatazamana, kila mmoja ameshajipanga nyuma ya gari. Kabla hatujasema kitu, Mama alikuwa ameukunja upindo wa kitenge na kupanda upande wa dereva.

"Mama, shuka," nikamwambia. "Halina breki."

"Na injini haiwaki. Litanipeleka wapi? Sukumeni."

Wakasukuma. Mara ya kwanza halikutikisika. Mara ya pili likalia kama ng'ombe, likatoka kwenye mashimo yake. Nilitembea pembeni, mkono wangu kwenye mlango, nikamwona Mama ameukumbatia usukani ule mkubwa kwa mikono miwili, midomo ameibana. Alilizungusha kwenye kona ya jiko bila kugusa hata tofali. Watu wakashangilia. Lakini baada ya kona ile uwanja wetu unateremka. Mteremko wenyewe si mkali, ila gari lile lilikuwa limekaa sana na nadhani lilifurahi kupata pa kwenda. Liliongeza mwendo. Wasukumaji wakabaki nyuma, mikono mitupu. Mimi nikakimbia nikipiga kelele, "Mama! Mama!"

Mbele kulikuwa na lori, na kushoto kulikuwa na ukuta wa mawe. Mama alikata kulia, akapita kando ya lori kwa nafasi ya kiganja, akaingia moja kwa moja kwenye migomba. Mgomba wa kwanza ukainama, wa pili ukaanguka na mkungu wake, na kwenye udongo laini wa migombani gari likasimama taratibu.

Nilifika nikafungua mlango. Mama alikuwa bado ameshika usukani, jani la mgomba limelala begani kwake, na machozi yanamtoka. Nilidhani ameumia. Kumbe anacheka.

"Kumbe ni hivi?" akasema. "Kumbe ni hivi tu?"

Nilimshika mkono ateremke, akakataa. Akakaa mle, akayatazama yale majani ya migomba yaliyofunika mbele ya gari, akafungua na kufunga kifuniko cha sehemu ya kuwekea vitu vidogo. Majirani wote walikuwa wamesimama pale wakisubiri. Hatimaye akamwita mnunuzi wa vyuma.

"Mwanangu, nimekusumbua mara mbili. Unisamehe. Gari haliuzwi."

"Mama," nikamwambia, mimi niliyekuwa nikililia lile gari, "chasisi imeoza. Ulimsikia fundi."

"Nilimsikia. Alisema angekuwa yeye angeuza. Gari ni lake? Hakusema chasisi haibadilishwi."

Mnunuzi wa vyuma angeweza kutukasirikia, na angekuwa na haki. Badala yake alikaa jikoni kwetu, akala makande pamoja na vijana wake, na katikati ya kula akasema kwamba anaijua landrova ya aina hiyo hiyo kule Maore, kwa mkulima mmoja. Ilipinduka, bodi ikabonyea yote, lakini mifupa yake haijaguswa na kutu kwa sababu ilihifadhiwa ghalani. Alikuwa akipanga kuinunua aikate. "Chukueni chasisi nyinyi," akasema. "Mimi nitachukua mabaki." Aliondoka na mkungu ule ulioangushwa na Mama.

Fundi wangu aliposikia, alishika kiuno akanitazama. "Niliwaambia muuze."

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu. Hakumwambia.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko tulivyofikiri. Gari lilifunguliwa vipande palepale migombani, likashushwa Same na lori lile lile la vyuma chakavu, na kwa wiki nyingi nilipita gerejini jioni nikifunga duka na kukuta hakuna kilichobadilika ila vumbi. Chasisi ya Maore ilipofika, ikaonekana matundu mawili hayalingani na yetu, ikabidi yatobolewe upya. Giaboksi ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa mbovu kuliko ile yetu iliyokufa. Kuna siku nilikata tamaa kabisa, nikamwambia fundi aache. Aliniangalia kama niliyemtukana. Alikuwa ameshaanza kulipenda.

Mimi nilishona. Nilishona viti kwa ngozi ya bandia ya kahawia, sindano tatu zikavunjika, na turubai nikalishona mwenyewe, limetandazwa dukani hadi barazani, wateja wanaruka juu yake kuingia. Mama aliteremka kila siku ya gulio, akiuza parachichi zake kwanza, halafu anakuja gerejini kukaa kwenye kigoda na kuuliza maswali. Hiki kinafanya nini? Hiki kikikatika inakuwaje? Fundi alianza kwa kumjibu kwa upole anaopewa mzee, akaishia kumjibu kama anayemjibu mwanafunzi.

Kaka alikuja likizo ya Krismasi. Alifika gerejini amevaa shati jeupe, mikono mfukoni, kutuonyesha kwamba hakubaliani. Bodi ilikuwa inarudishwa siku hiyo, na walipungukiwa mtu wa kushika kona ya nyuma. Alishika. Jioni shati lile halikuwa la kuvaa tena, na njiani tukipanda Vudee akasema matairi atanunua yeye.

Somo la kwanza la Mama lilikuwa kwenye uwanda mkavu nje ya mji, mahali ambapo hakuna cha kugonga isipokuwa vichaka vya miiba. Fundi alikaa pembeni yake, mimi nyuma. Gari lilimzimikia Mama mara nyingi. Kila akiachia klachi, lilirukaruka kama mbuzi, kisha kimya. Fundi akanyoosha mkono kumsaidia gia.

"Usinishike mkono," Mama akasema. "Niambie tu."

Akawasha tena. Safari hii liliondoka, polepole, likinguruma gia ya kwanza, likaendelea kwenda. Milima yetu ilikuwa upande wa kushoto, vilele vimefunikwa na wingu. Fundi akasema, "Weka ya pili." Akaweka ya pili. Tulikwenda hivyo hadi njia ilipoishia kwenye korongo.

Sasa Mama ana leseni. Mkaguzi aliyempima alimuuliza miaka yake mara mbili. Barabara ya juu, ya kwenda kanisani na zahanati, anaendesha mwenyewe, na watu wa Vudee wamejifunza kusogea mapema. Mteremko wa kwenda Same naendesha mimi, maana na mimi nilijifunza baada yake, na yeye hukaa pembeni akinifokea breki. Kioo cha upande wa kushoto hakipandi. Petroli linakunywa kama lilivyokunywa zamani. Hivi karibuni tulimteremsha jirani aliyeshikwa na uchungu, akafika hospitali salama na mtoto wake ni mzima, mnene.

Mama ana mdogo wake aliyeolewa Usangi, upande wa pili wa milima, na hawajaonana kwa muda mrefu kwa sababu kupanda na kushuka magari kunawachosha wote wawili. Wiki iliyopita nilimkuta anaongea naye kwa simu, kwa Kipare na kwa sauti ya juu, kama kawaida yake.

Niliposikia ananitaja, nikauliza kuna nini.

"Anauliza nani atanileta," akasema, ameifunika simu kwa kiganja. "Nimemwambia nakuja na binti yangu. Wewe utaliteremsha mlimani, barabara ya lami naichukua mimi mpaka Mwanga. Kupanda Usangi tutaona tukifika."