Mlango Uliofungwa Wakati wa Kula

Enzi zetu pale Msamala, nyumba iliyofunga mlango wakati wa kula ilikuwa inakula nguruwe. Hakuna aliyefikiria sababu nyingine. Siku zote zilizobaki watu walikula nje, uwanjani, na mpita njia alikaribishwa hata kama humjui jina. Nawaandikia ninyi wa rika langu mliokula hivyo. Hawa watoto wa sasa wanaoletewa chipsi na bodaboda mpaka kitandani wataona natunga, na waone hivyo, sina shida nao.

Uwanja wetu ulikuwa wa nyumba tatu, bila ua wala ukuta. Ya kwanza ilikuwa yetu, ya Mzee Komba na Mama Tekla, na huyo Tekla ndiye mimi. Ya pili ilikuwa ya Baba Zuhura, fundi cherehani kutoka Tunduru, Mwislamu wa swala tano, mtu wa utani kuanzia asubuhi. Ya tatu ilikuwa ya Mwalimu, Mhaya aliyehamishiwa Songea, ambaye mwaka mzima wa kwanza alilalamika kwamba kwetu hakuna ndizi za maana, halafu akazoea ugali kuliko sisi wenyewe. Jioni kila mama alitoa ugali wake na mboga yake. Wanaume na wavulana wakubwa walikaa kwenye mkeka wao mbele ya mlango wetu, akina mama na sisi wengine tukakaa upande wa jikoni. Mboga za nyumba zote tatu ziliwekwa katikati, na mkono wako ulikwenda ulikotaka.

Mambo mawili yalijulikana bila kufundishwa. La kwanza ni hilo la nguruwe. Sisi Wakatoliki tulipopata nyama hiyo kutoka kwa ndugu zetu wa Peramiho, mama aliipika kwenye sufuria yake ya peke yake, tukala ndani, mlango umefungwa, ili Baba Zuhura asikwazike. Naye alijua. Kesho yake angemuuliza baba kama jana alipata mgeni, wakacheka, yakaisha. La pili ni kunawa. Hakuna mwanamume aliyenawa kabla ya mkubwa wao, na mkubwa wa uwanja ule alikuwa baba yangu. Mimi ndiye niliyeshika jagi na beseni, nikianzia kwake. Siku ya nguruwe mkubwa alihesabiwa kama amesafiri, hapo mwingine aliruhusiwa kuanza. Lakini kunawa wakati mkubwa yupo kulikuwa kama kumzika akiwa hai.

Sasa nikumbushie majira yenyewe. Mwezi wa nne, mvua zinaanza kukata, milima ya Matogoro inaonekana tena asubuhi baada ya kujificha kwenye mawingu wiki nzima. Ile njaa ya mwezi wa kwanza na wa pili imepita, bustani za nyuma ya nyumba zimejaa mahindi mabichi, maboga, na matango ya kienyeji tuliyokula yakiwa bado na umande. Ukitoka kuokota uyoga, sketi imeshikwa na mbegu za majani mpaka kiunoni, na unakaa kwenye kizingiti kuzibandua moja moja huku mama anakuuliza kama uliendea uyoga au uliendea kulala porini. Tulicheza kombolela ndani ya mahindi ya Mwalimu, na akitukamata tumelaza mabua alitucharaza, halafu ukifika nyumbani kueleza, unaongezewa. Siku hizi mwalimu akimkemea mtoto, mzazi anakuja shuleni na taksi. Sitaki hata kuanza hilo.

Tulicheza rede kwa mpira wa matambara. Baridi ilipoanza kunyemelea, mama alitupeleka sokoni kwenye mitumba, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeshamiri, marobota yanafunguliwa na ile harufu yake ya dawa inatapakaa soko zima. Zuhura alipata koti la manyoya la watu wa theluji, akalivaa kwenda kuchota maji. Tulimwonea wivu mpaka tukakosa usingizi.

Ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu ruksa, anayetaka kuuza auze, anayetaka kununua anunue. Baba alikuwa karani wa ghala la mahindi. Malori ya watu binafsi yakaanza kwenda mpaka mashambani, yanabeba mahindi hapo hapo kwa mkulima, na ghala likabaki na panya. Siku moja mchana tulimwona baba anarudi na mfuko, ndani yake kikombe chake cha bati cha ofisini na kandambili zake. Aliviweka juu ya kabati, akaenda kulala. Baba yangu hakuwa mtu wa kulala mchana.

Mboga yetu ikaanza kunywea. Kwanza nyama ikapotea, halafu dagaa wa Nyasa, halafu mafuta. Ikabaki likolo, majani ya maboga yaliyochemshwa na chumvi, hata karanga hazimo. Baba aliendelea kunawa wa kwanza, lakini mkono wake haukutoka tena kwenye bakuli letu. Alikula majani yetu tu, mboga za wenzake hakugusa. Mwalimu aliona. Jioni moja, kwa wema wa moyo wake, akamsogezea bakuli lake la dagaa mpaka kwenye goti. Baba akashukuru, akamaliza tonge lake, akaingia ndani. Kesho yake akatuambia kuanzia leo tunakula ndani, na mlango ufungwe, na mtoto asimwambie mtu tunakula nini.

Mnaona basi kilichofuata. Uwanja mzima ukaamini tunakula nguruwe. Siku ya kwanza wakatuonea fahari, siku ya tatu wakasema Mzee Komba amepata kiinua mgongo chake. Wiki ikapita, mlango umefungwa kila jioni, na watoto wa Mwalimu wakanifuata kisimani kuniambia sisi tuna raha, nguruwe kila siku kama mapadri. Na mimi tumboni nina majani ya maboga na maji! Nilitamani kuwapiga na ndoo. Baba Zuhura, kwa heshima, akawa anausogeza mkeka mbali zaidi na mlango wetu. Hakuna aliyebisha hodi. Wangebishaje hodi? Ile adabu yetu nzuri ndiyo iliyotufungia ndani.

Kula ndani kwenyewe kulikuwa kubaya. Kibatari kinatoa moshi, hakuna anayeongea, na kupitia mlangoni unasikia wenzako wanacheka nje. Baba akaacha kunyoa ndevu. Akaacha kwenda kanisani, akisema viatu vimeisha. Jioni baada ya matonge mawili aligeukia ukuta. Mama alimwangalia kwa hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Mwenzake baba wa pale ghalani, aliyepunguzwa kabla yake, alianza hivyo hivyo kwa kujifungia, akahamia kwenye pombe ya komoni, na tulikuwa tumeshamzika. Mama hakutusimulia, lakini mimi nilikuwa nalala chumba cha pili na masikio yangu yalikuwa mazima. Nilijua mama anaogopa kubaki bila mume, nami nikaogopa kubaki bila baba.

Aliyeufungua mlango ule, nikisema ukweli, ni Mama Zuhura. Walikuwa kisimani na mama, mimi nikiwa nyuma na ndoo yangu. Akazunguka kwanza, akasifia mahindi, akaulizia mafua ya mdogo wangu. Halafu akashusha sauti.

"Mama Tekla, mimi nguruwe simli, lakini pua ninayo. Nguruwe gani huyu wa kila siku asiyenukia?"

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa kisima, halafu nikaona si kicheko tena, anafuta macho kwa ncha ya khanga. Mama Zuhura alimtwisha ndoo, wakarudi wakiongea habari za mahindi.

Jioni ile mama akapika kama kawaida. Ugali ulipoiva, baba akaniambia nifunge mlango. Mama akasema nisifunge. Sikuwa nimewahi kumsikia akimpinga baba mbele yetu, wala sikumsikia tena baadaye.

"Baba Tekla," akasema, "njaa nitaivumilia. Huu mlango siuwezi."

Akaufungua mpaka mwisho, akauzuia kwa jiwe la kusagia. Akabeba ugali, akabeba na lile likolo lisilo na mafuta wala karanga, akatoka nalo kichwa juu kama amebeba jogoo wa Krismasi. Baba kutoka kitandani akamwambia anamvua nguo mbele za watu. Mama hakugeuka. Akaenda akaviweka katikati ya mkeka wa wanaume, kati ya dagaa za Mwalimu na maharage ya Baba Zuhura, akarudi kukaa na wenzake.

Nikachukua jagi na beseni. Sikujua nianzie wapi, nikaanza kwa Baba Zuhura. Akaitazama ile mboga, akautazama mlango ulio wazi, akaiweka mikono yake kwapani.

"Mkubwa yupo," akasema.

Nikaenda kwa Mwalimu. Naye akatikisa kichwa, ingawa macho yake yalikuwa kwenye ugali, na yule bwana alikuwa anapenda kula jamani. Wavulana nao wakakunja mikono. Nikabaki nimesimama na jagi langu katikati ya watu wenye njaa, na hakuna aliyeninyooshea mkono.

Tukakaa. Ugali ukaacha kutoa moshi, ukaota ngozi. Kuku wakapanda kulala. Mdogo wangu akaanza kulia na Mama Zuhura akamziba mdomo kwa kipande cha boga. Kutoka pale kitandani baba aliona yote, mlango ulikuwa wazi kabisa. Aliwaona wanaume wazima wamekaa mbele ya chakula wameficha mikono kama watoto waliokosa. Wangelala pale, naapa. Baba Zuhura alikuwa na ukaidi ule wa watu wapole.

Halafu baba akatokea mlangoni, peku, na ndevu zake zile. Hakuna aliyeshangilia, hakuna aliyempa pole.

"Mzee Komba," Baba Zuhura akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, "ugali unapoa."

Baba akaja akakaa mahali pake. Nikammwagia maji. Akanawa taratibu. Akamega. Ndipo mikono mingine ikaja kwangu, na yote, hebu sikieni hili, yote ikaenda kwanza kwenye majani yetu. Dagaa zikabaki zimekaa. Majani ya chumvi tupu yaligombewa na wanaume wazima, na Mwalimu akafuta bakuli kwa tonge la mwisho, akamwambia mama kwamba kwao Bukoba hakuna anayejua kupika mboga hivyo. Uongo mtupu. Kisha baba akanyoosha mkono akachukua dagaa, na mama kutoka upande wetu akaona, akainama akawa anakuna mgongo wa mtoto ambao hauwashi.

Kazi baba hakuipata tena. Alikwenda kulima Mpitimbi, akawa mkulima mpaka mwisho wake, na majani ya maboga tuliyala mpaka mavuno. Lakini tuliyala nje. Mlango haukufungwa tena mpaka Krismasi, tulipopata nguruwe wa kweli, na Baba Zuhura akapaza sauti kutoka uwanjani kwamba leo ndiyo inanukia. Baba alicheka akapaliwa.

Sasa nimebaki mimi kwenye nyumba ile. Wale wazee wametangulia wote watatu. Kushoto kuna ukuta wenye vipande vya chupa juu yake, kulia kuna geti la chuma na mbwa, na majirani zangu nawajua kwa honi za magari yao. Mtu anaweza kukaa na njaa mle ndani, anaweza kuugua, anaweza kufa, na sisi tukasema amesafiri. Mwanangu Deo, aliyesoma, aliniletea tofali ili nami nizungushiwe ukuta. Akasema ni usalama, mama, na pia inapendeza. Nikamwambia fundi azitumie kujengea banda la kuku. Deo alinuna wiki mbili. Anune tu, ukuta kwangu hauji nikiwa hai.

Jumapili wanakuja na wajukuu, na kila mmoja anachukua sahani yake anatafuta kona. Mmoja kwenye kochi, mmoja chumbani, mwingine anakipiga picha chakula kwanza, sijui anamtumia nani aliyeshiba. Mimi natandika mkeka mbele ya mlango, pale pale. Naweka ugali, naweka likolo, la karanga siku hizi, naweka na jagi pembeni. Halafu nakaa. Binti wa jirani mwenye geti ameshaanza kuja, anachungulia, anakaa ukingoni mwa mkeka. Ndani wananiita. Mama, ingia, chakula kinapoa.

Kipoe. Mkubwa wa uwanja huu ni mimi, nami sijanawa.