Mama Alivyokaa Barazani Uhispania

Safari ile ya Uhispania sikuipanga kwa ajili ya picha. Niliipanga kwa sababu mama alikuwa ameanza wimbo wa kurudi Mombasa, na mimi sikutaka arudi. Tangu baba afariki yuko nasi hapa Edmonton, kaskazini mwa London, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Nikajiambia labda ni baridi tu inayomchosha. Nikimtoa kidogo akaote jua, atatulia.

Tulifikia mji mmoja wa pwani ya Andalusia, mimi, mama na binti yangu. Kila asubuhi tulipanda basi la watalii kwenda milimani, tukarudi jioni. Mama hakusifu kitu. Ngome akasema ya kwetu angalau iko baharini, hii huku juu ya kazi gani. Mizeituni akasema haina kivuli. Kwenye daraja la Ronda watu wote walichungulia korongo, yeye akakaa kwenye ukingo wa njia akafungua mahamri yake. Mahamri hayo yalipanda ndege nasi kutoka London, maana mama hasafiri bila mahamri na chupa ya chai.

Nilikasirika, sifichi. Nimefanya zamu za ziada kwenye makao ya wazee, mgongo wangu umekwisha, halafu bibi huyu aje kuninunia milimani? Lakini nikameza.

Siku ya mwisho tulipelekwa kwenye kijiji cheupe pepe, kuta zote zimepakwa chokaa, vichochoro vyembamba vinapanda tu. Kiongozi wetu alikuwa akieleza mnara ulijengwa na nani. Kugeuka, mama hayupo. Nikamfokea binti yangu kwa kumwacha nyuma, naye akanijibu kwa Kiingereza kwamba nyanya yake si mtoto. Nikashuka mbio.

Nilimkuta kwenye kizingiti cha watu. Kando ya mlango palikuwa na benchi la mawe lililoshikana na ukuta, na wanawake wazee wamelikalia. Mimi nilijua benchi lile ni la mwenye nyumba. Mama aliona baraza, na kwetu baraza ukiiona ina watu unasalimia unakaa. Basi alikuwa amekaa katikati yao, viatu amevua, anagawa mahamri. Mwenye nyumba ameshatoa sahani ya zeituni. Mmoja anapapasa leso aliyojitanda mama kuona kitambaa. Mama anaongea Kiswahili, wao Kihispania, na hakuna anayemngoja mwenzake amalize.

Nikaanza kuomba radhi. Hawakunisikiliza, walisogea tu nipate pa kukaa. Mnara mama hakuuona, wala mimi.

Ndani ya basi alikuwa mchangamfu, nami kwa ujinga wangu nikadhani nimeshinda. Nikamuuliza si amepapenda.

"Nimepapenda," akasema. "Wale hata salamu zao sizijui, na wamenisogezea nafasi. Kwako nina kila kitu, mwanangu, ila mtu wa kukaa naye mchana."

Iliniuma mno. Nikageukia dirishani nikalia kimya kimya, huku bado nina hasira, kwani mimi mchana nitakaaje naye na kazi nani atafanya?

Tuliporudi sikukubali kushindwa. Jumamosi ya kwanza yenye jua nilitoa viti viwili nikaviweka mbele ya mlango wetu, karibu na mapipa ya taka, nikamwambia haya, baraza hii hapa. Tukakaa na chai yetu. Watu wakapita na simu zao. Hatimaye jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu mwema kabisa, akavuka kuja kwetu. Mama akaiweka sawa leso yake, akasogeza birika ili mgeni apate pa kuweka kikombe.

Jirani akauliza kama tumepoteza funguo, atuitie fundi wa kutufungulia.

Mama akataka kujua amesema nini. Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia.

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha akanishika mkono, akaniambia nimkatie tiketi kabla ya Ramadhani. Nikamkatia.

Siku hizi nikimpigia baada ya alasiri, simu hulia tu ndani ya nyumba. Yeye yuko barazani.