Miguu Iliyotanuka ya Daraja la Mbao

Msumeno niliupokonya mkononi mwa fundi, nikauweka chini, nikaukalia. Mtoto wangu mdogo alikuwa mgongoni, amelala. Mafundi wakanitazama kama watu walioona ng'ombe amepanda mti.

"Mathe, inuka, tuko kazini," akasema foreman, msimamizi wao.

"Hata mimi niko kazini. Mguu huo wa daraja haukatwi."

Daraja lenyewe ni la mbao tupu. Lilijengwa zamani, wakati reli ndogo ya kiwanda cha mbao iliposhuka kutoka msitu wa Mau kuja upande wetu wa Njoro. Reli iling'olewa kabla sijazaliwa. Daraja likabaki juu ya korongo, watu wakalitandika mbao za kupitia. Binti yangu wa gredi ya tano hulivuka akienda shule na akirudi. Njia nyingine ni kushuka korongoni, na mvua ikinyesha huko juu, korongo halina mchezo.

Nimelipita maisha yangu yote bila kulitazama. Nimelijua mwaka huu tu, shule ilipoagiza watoto watengeneze mfano wa daraja. Wazazi wenzangu mnajua: mtoto ndiye huagizwa, mama ndiye hujenga. Tulichukua vijiti vya mishikaki na gundi. Miguu minne wima, kijiti kimoja kimelala juu yake, hiyo ni fremu. Tukaunganisha fremu tatu, nikaweka pakiti ya unga juu. Zikabeba! Binti akazisukuma ubavuni kwa kidole kimoja. Zote zikalala, unga ukamwagika sakafuni.

"Mami, si twende tuangalie lile la ukweli?"

Jumamosi tukashinda korongoni, na hapo ndipo nilipowaheshimu waliojenga kitu kile. Miguu ya ndani ya kila fremu imesimama wima, hiyo ni ya kubeba. Ya nje imetanuka kwenda chini, kama mama anayesubiri kubebeshwa gunia la viazi: anatanua miguu kwanza, ndipo anasema haya, weka. Upepo ukisukuma, huo mguu wa nje unakataa. Halafu kuna mbao za mshazari, moja hivi, nyingine vile, zinakata fremu kuwa pembetatu, na pembetatu haikunjiki. Fremu nazo zimeshikana moja kwa nyingine, treni ikifunga breki zisilale mbele. Chini kabisa, miguu haigusi udongo. Inakaa kwenye boriti, boriti kwenye mawe, maji yanapita zake. Mbao ni mtarakwa, mti wa milimani usiooza upesi. Niliikwaruza kidogo kwa ufunguo. Mpaka leo inanukia.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakuna kipande kikubwa pale. Kimoja kikioza unakitoa, vingine vinashikilia mpaka uweke kipya. Mimi napenda kitu kama hicho, kinachokubali kutengenezwa. Tulirudi nyumbani tukajenga upya, miguu imetanuka, na mfano wetu ukabeba unga, sukari na tofali juu.

Kwa hivyo mafundi walipotumwa kukarabati daraja nilifurahi, nikawapelekea chai. Walianza vizuri. Waligonga kila mguu kwa nyundo: mzima unalia, uliooza unanyamaza. Lakini foreman akaning'iniza timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, akaona miguu ya nje imelala, akaamua daraja limezeeka na kuinama. Fremu mbili akazikata miguu ya nje na kuweka nguzo za blugamu, mti wa mkaratusi, zilizonyooka wima. Nilipomuuliza alicheka.

"Hata nguzo ya stima husimama wima, mathe."

"Nguzo ya stima haipitishi watoto."

Walipoanza fremu ya tatu ndipo nikakalia msumeno.

"Boss, funga miguu yako pamoja," nilimwambia.

"Ya nini?"

"Funga tu."

Akafunga, akicheka na wenzake. Nikainuka, nikamsukuma bega kidogo. Akayumba mpaka akashika nguzo.

"Sasa tanua."

Alikataa. Fundi mmoja akapiga kelele, "Boss, si utanue tu tuone!" Wakaangua kicheko wote. Yeye hakucheka tena.

"Kama una maneno peleka ofisini," akasema. "Mimi nafuata timazi."

Nikayapeleka siku hiyo hiyo. Karani wa wadi alinipa karatasi, nikaandika hivi:

"Mimi ni mama wa mwanafunzi anayevuka daraja la mbao la reli ya zamani. Nalalamika kwamba miguu ya nje ya fremu mbili imekatwa na kusimamishwa wima. Haikuwa imeinama kwa uzee. Ilijengwa hivyo ili daraja lisilale ubavu. Naomba kazi isimame leo. Naomba miguu hiyo irudishwe ilivyokuwa, kwa mtarakwa, na mhandisi alikague daraja kabla mtu hajapita. Mpaka nijibiwe, nitasimama pale mwanzo wa daraja asubuhi na jioni, na hakuna mtoto nitakayemruhusu kuvuka, awe wangu au wa mwenzangu."