Seva Mbili, Ufunguo Mmoja

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Palma, wanakoandikisha mashamba ya watu wanaohamishwa kupisha mradi wa gesi. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha. Mbele yangu alisimama mama mmoja aliyetoka kwao alfajiri kwa miguu.

"Hakuna sistema, mama, kompyuta hazifunguki," karani akamwambia. "Rudi kesho."

"Kesho si mmeshafunga?"

Karani akamwita fundi.

Fundi wa kompyuta akatokea chumba cha nyuma. Nikamuuliza: si mlituambia mkutanoni kwamba seva ni mbili, moja ikifa nyingine inashika kazi?

"Zote mbili nzima, kaka. Lakini kumbukumbu zote zinazisoma kwenye diski za sanduku moja, na sanduku limezimwa."

"Si uliwashe!"

Akanionyesha mlango wenye kufuli. "Limo ofisini kwa shefe, mkuu wetu. Wakasema ni kitu cha thamani, kikae kwa mkubwa. Naye akisafiri huzima umeme wa chumba chake chote. Yuko Pemba, makao makuu ya mkoa, na ufunguo anao."

Yaani walikumbuka kwamba mashine inaweza kufa, wakanunua ya pili. Kwamba mkubwa anaweza kusafiri, hakuna aliyekumbuka!

Nikageuka kumtazama yule mama. Alikuwa bado ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Siku mliyokuja kupima shamba langu," akamwambia karani, "mimi sikuwepo. Mbona mlipima bila kunisubiri?"